Timu ikikauka pointi robo nzima, kocha afanye nini?

KochaWaJioni (#1)
Wakuu, salaam. Nafundisha timu ya mpira wa kikapu ya mabinti wa miaka 16 hadi 18, na ugonjwa wetu ni robo ya tatu. Mechi nne mfululizo tunakwenda mapumziko tukiwa mbele au sare, tukirudi uwanjani ni kama kikapu kimewekewa mfuniko. Mechi ya mwisho tulikaa dakika 7 na ushee bila pointi hata moja, na robo yenyewe ni dakika 10. Mpira unagonga ringi, unazunguka, unachungulia ndani, unatoka. Hata leyapu, yale mashuti ya mbio chini ya ringi, ambazo hakuna wa kuzizuia zinakataa.

Nimeita taimauti, yaani kusimamisha mchezo kidogo niongee nao. Nimebadilisha watano wote kwa mkupuo. Nimefoka, siku nyingine nimenyamaza. Kilichoniumiza zaidi ni namba 8, mpiga mashuti wangu mkuu, ambaye mazoezini anafunga mpaka unasahau kuhesabu. Alipokea mpira kwenye kona, mlinzi yuko hatua tatu mbali naye. Akaitazama ringi, akanitazama mimi benchi, halafu akatoa pasi.

Timu ikikauka hivi, kocha abadilishe mchezo, abadilishe wachezaji, au avumilie mpaka mvua inyeshe? Na ukame wenyewe unatoka wapi?

Ringi305 (#2)
Vumilia, mkuu. Hizi ni hesabu tu. Chukua timu inayofunga shuti moja kati ya matatu kutoka nje ya mstari wa pointi tatu. Uwezekano wa kukosa nane mfululizo ni kama asilimia 4. Inaonekana ndogo, lakini kwa msimu mzima wenye mashuti mamia, lazima itokee, na ikitokea kila mtu anatafuta mchawi.

Houston Rockets, tarehe 28 Mei 2018, mechi ya saba ya fainali ya Magharibi ya NBA, ligi ya Marekani, dhidi ya Golden State Warriors. Walikwenda mapumziko wakiongoza kwa pointi 11. Wakakosa mashuti 27 ya pointi tatu mfululizo. Dua zote hazikusaidia: 7 kati ya 44, wakafungwa 101 kwa 92. Hao walikuwa moto kwa kushambulia msimu mzima. Kama yaliwakuta wao, mabinti wako wana kosa gani?

MamaUlinzi (#3)
Ringi305, mfano wako unakupinga mwenyewe. Nami ninazo hesabu: tuseme kila shuti lao lilikuwa na nafasi ya asilimia 35. Kukosa 27 mfululizo kwa bahati mbaya tupu ni kama mara 1 katika 112,000. Ukiona kitu adimu namna hiyo, uliza nini kingine kilikuwepo. Chris Paul, nyota wao, alikuwa nje kwa maumivu ya msuli wa paja, waliobaki walibeba dakika nyingi mno, na ilikuwa mechi ya saba. Miguu iliisha.

Mleta uzi anasema robo ya tatu, mechi NNE mfululizo. Bahati mbaya haina saa. Kitu kinachokuja saa ileile kila siku kina mwenyewe.

BenchiLaMwisho (#4)
Mimi nasema taimauti. Wapinzani wakifunga 6 bila jibu, ita. Wakifunga 6 nyingine, ita tena. Unazo tano, tumia tatu hata kabla ya mapumziko ikibidi, kuliko kubaki nazo mfukoni mechi imeshapotea.

Filimbi (#5)
Sahihisho dogo kwa #4, maana kuna makocha wanaumbuka hapa. Kwa kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, una taimauti 2 nusu ya kwanza na 3 nusu ya pili. Huwezi kukopa za baadaye, na usizotumia nusu ya kwanza hazivuki mapumziko. Pia ukifika dakika mbili za mwisho za robo ya nne ukiwa nazo zote tatu, utaruhusiwa mbili tu. Kwa hiyo kocha aliyekauka robo ya tatu na kuita mbili haraka amebakiwa na moja kwa mechi yote. Nimechezesha mechi nyingi zilizoishia na kocha akinionyesha ishara ya T wakati hana kitu.

BenchiLaMwisho (#6)
Shukrani Filimbi, nilichanganya. Lakini hoja yangu ya kuita mapema ibaki.

MkonoWaJuu (#7)
Naungana na MamaUlinzi kuhusu miguu, ila niiweke kwa vipimo. Shuti linaanzia magotini. Magoti yakichoka, mpira unaondoka chini na kufika ringi ukiwa umelala. Kipenyo cha ringi ni sentimita 45. Mpira unaoshuka wima kabisa unaikuta duara yote hiyo. Ukishuka kwa nyuzi 45, uwazi unaouona ni kama sentimita 32. Ukishuka kwa nyuzi 30, uwazi ni 22.5, na mpira namba 6 wa mabinti una kipenyo cha kama 23. Maana yake hauwezi kupita bila kugusa chuma.

Sasa soma tena #1: "unagonga ringi, unazunguka, unachungulia ndani, unatoka." Mkuu, watazame mpira unakogonga. Ukigonga chuma cha mbele mara kwa mara, hiyo ni miguu. Ukigonga kushoto na kulia, hapo ni kiwiko na macho.

Dunda (#8)
Mbona niliambiwa ringi ni kubwa kiasi cha mipira miwili kupita sambamba?

MkonoWaJuu (#9)
Dunda, hilo tumelishwa wengi. Mpira namba 7 ni kama sentimita 24. Mara mbili ni 48, ringi 45. Haipiti. Jaribu siku moja ukipata ngazi.

KonaYaKushoto (#10)
Mnapima magoti na nyuzi, mimi naomba nizungumzie yule binti wa kwenye kona, kwa sababu nimewahi kuwa yeye.

Nilicheza miaka kadhaa nafasi ya kupiga mashuti. Msimu mmoja nilikauka karibu mwezi mzima. Kocha niliyekuwa naye alikuwa na kawaida ya kumtoa mtu mara tu akikosa. Hakusema neno baya, alimgusa tu bega aliyekaa pembeni yake, yule akaanza kuvua fulana ya juu. Ikafika mahali nikiinua mpira, jicho moja liko kwenye ringi na jingine liko benchi naangalia nani anavua fulana. Huwezi kufunga ukiwa na macho mawili yanayokwenda njia mbili. Baadaye nikaona dawa ni kutokupiga kabisa, maana asiyepiga hakosi.

KochaWaJioni, umesema alikutazama wewe KABLA ya kutoa pasi. Rudia kuisoma sentensi yako mwenyewe. Alikuwa anaomba ruhusa.

KochaWaJioni (#11)
Dada KonaYaKushoto, nimeisoma mara tatu. Robo ile, alipokosa mara ya pili, nilimtoa. Nilidhani nampumzisha.

Namba14 (#12)
Naunga mkono #10 kwa mifano ya wakubwa. Fainali za NBA 2010: Ray Allen alifunga mashuti 8 ya pointi tatu mechi ya pili. Mechi ya tatu akapiga 13 ya kila aina, hakuna lililoingia. Yule yule, mkono ule ule. Hakuna aliyemwambia aache.

Mechi ya saba ya fainali hizo hizo, Kobe Bryant alifunga 6 kati ya 24. Lakini alichukua ribaundi 15, yaani mipira iliyokoswa kikapuni, na Lakers wakashinda 83 kwa 79. Shuti likikataa, kuna kazi nyingine kumi uwanjani. Mpe namba 8 kazi ya ribaundi, aguse mpira, atoke jasho, mkono utarudi wenyewe.

Ringi305 (#13)
Namba14, asante kwa kunisaidia. 83 kwa 79 ni mechi ya watu wazima waliokauka pande zote mbili, na mmoja akawa bingwa. Ukame upo, unapita. Siku iliyofuata Ray Allen hakubadilishwa magoti.

Na kuna utafiti maarufu wa mwaka 1985 wa Gilovich, Vallone na Tversky. Walichambua mashuti ya wachezaji na wakasema "mkono wa moto" ni macho ya watu tu: kufunga shuti lililopita hakuongezi nafasi ya linalofuata. Kama moto haupo, baridi nayo haipo.

MtuWaDaftari (#14)
Hapo simama kidogo, Ringi305. Utafiti huo ulitawala miaka mingi, lakini Miller na Sanjurjo walikuja kuonyesha kwamba njia iliyotumika kuhesabu ilikuwa na upogo. Ukichukua mfuatano mfupi wa mashuti na kuangalia tu yale yanayofuata baada ya kufunga mfululizo, hesabu yenyewe inakupunguzia asilimia bila wewe kujua. Ukirekebisha, mkono wa moto unarudi kuonekana. Kwa hiyo mlango wa baridi nao hatuwezi kuufunga.

Halafu tofautisha vitu viwili. Kuna timu inayopata mashuti mazuri na kukosa. Kuna timu inayopiga mashuti mabaya na kukosa, kama ilivyostahili. Ubao wa matokeo unaonyesha sifuri kwa zote mbili. Ya kwanza unaivumilia. Ya pili ukiivumilia unaiua. Mleta uzi, ile dakika 7 yako ilikuwa ipi?

Dunda (#15)
Mkuu Ringi305 hata akialikwa harusini atatoa asilimia ya ndoa kudumu 😀

Ringi305 (#16)
Dunda, wewe lete mipira yako miwili tuipitishe kwanza.

MamaUlinzi (#17)
Turudi kwenye mada. Nimekuwa na swali tangu #1 na hakuna aliyeuliza. KochaWaJioni, mapumziko mnafanya nini? Dakika zote 15, moja moja.

KochaWaJioni (#18)
Tunaingia ndani, wanakaa chini, wanakunywa maji. Mimi nina ubao wangu mdogo wa kuchorea, nawaeleza makosa, nachora nusu ya pili tutachezaje. Tunatoka zikiwa zimebaki kama dakika mbili, tunashikana mikono, tunaanza.

MamaUlinzi (#19)
Kwa hiyo mabinti wamekaa sakafuni dakika 12 au 13 na jasho linawakaukia mgongoni, halafu shuti la kwanza wanalopiga tangu nusu ya kwanza ni la mechi yenyewe. Ringi wanaisalimia mbele ya watazamaji.

Ndugu yangu, ukame wako umelala kwenye huo ubao wa kuchorea. Ongea dakika nne, mambo mawili tu, basi. Watoke nje. Waanze na leyapu pande zote mbili, kisha mashuti ya karibu wanayoona yakiingia, ndipo warudi nyuma taratibu. Mwili upate moto na macho yaone wavu ukicheza.

PostiYaChini (#20)
Hilo la mapumziko lina uzito, ila msisahau kwamba ng'ambo kuna kocha pia, na yeye ana ubao. Nusu ya kwanza wanakukaba mtu kwa mtu, unawafunga. Mapumziko anabadilisha, wanarudi na zoni, kila mmoja analinda eneo lake badala ya mtu. Mabinti wako bado wanacheza mchezo wa kukabwa mtu kwa mtu. Mpira unazunguka nje, kona, juu, kona, juu, sekunde zinakatika, mtu anarusha kwa kuwa zimebaki sekunde 3 za kushambulia.

Dalili yake ni hii: hakuna anayesimama katikati, kwenye mstari wa mitupo huru. Zoni inavunjika mpira ukigusa pale. Mtu mmoja akipokea pale na kugeuka, walinzi wawili watamwendea, na hapo kona inakuwa wazi kweli kweli.

BenchiLaMwisho (#21)
#20 umemaliza. Hii ndiyo sababu.

KonaYaKushoto (#22)
Kona ilikuwa wazi, BenchiLaMwisho. Hatua tatu. Binti hakupiga.

KochaWaJioni (#23)
Wakuu, nimekaa usiku na video ya simu aliyorekodi mzazi mmoja, nikahesabu zile dakika 7 kama alivyoniuliza MtuWaDaftari. Mashuti 13. Nane ni kutoka nje ya mstari, mawili ya katikati, leyapu tatu. Mpira tulipoteza mara 6. Ribaundi ya kushambulia moja tu. Mitupo huru: hakuna. Sikuwa nimeliona hilo la mwisho. Dakika saba hakuna binti wangu aliyefanyiwa faulo akielekea kikapuni.

PostiYaChini, walikuwa zoni, nakubali, ingawa walianza tangu mwisho wa robo ya pili tukiwa bado tunafunga. MkonoWaJuu, nilipoweza kuona vizuri, mengi yaligonga mbele. Yaani kila mmoja wenu ana haki kidogo, na hilo linanichanganya kuliko mwanzo.

MtuWaDaftari (#24)
Asante kwa kazi hiyo, makocha wengi hawaifanyi. Mimi ningeanza na ile sifuri ya mitupo huru. Vijana wako wakifunga asilimia 25 kutoka nje, kila shuti la pointi tatu lina thamani ya pointi 0.75. Wakifunga mitupo huru asilimia 55 tu, safari moja ya mitupo miwili ni pointi 1.1. Na ina faida ambazo hazimo kwenye hesabu: saa inasimama, mabinti wanavuta pumzi, ulinzi wako unapata muda wa kujipanga, na mtu mmoja anaona mpira ukiingia bila mkono wa adui usoni. Timu iliyokauka, amri yangu ni moja: mashambulizi matatu yajayo mpira lazima uguse ndani kabla ya shuti lolote.

Namba14 (#25)
Mstari wa mitupo huru nao una mashetani yake, MtuWaDaftari. Nick Anderson wa Orlando, mechi ya kwanza ya fainali 1995 dhidi ya Houston. Timu yake iko mbele kwa pointi tatu, sekunde za mwisho, akakosa minne mfululizo. Kenny Smith akasawazisha, Orlando wakafungwa muda wa nyongeza 120 kwa 118. Msimu ule alikuwa anafunga kama asilimia 70. Msimu wa 1996-97 alishuka hadi 40.4. Binti ambaye tayari anaogopa, ukimpeleka pale kila mtu akimtazama peke yake, unaweza kumvunja.

Dunda (#26)
Basi warushe kwa mikono miwili kutoka chini kama Wilt Chamberlain wa NBA, alifunga pointi 100 mwaka 1961.

Filimbi (#27)
Ni tarehe 2 Machi 1962, Dunda. Na mitupo huru siku hiyo alifunga 28 kati ya 32, kwa mtindo huo huo wa chini. Kisha akauacha.

MkonoWaJuu (#28)
Na naomba sana mtu asimbadilishie binti mkono katikati ya ukame. Mkono unafundishwa kabla ya msimu. Ukimwambia leo "kiwiko ndani", kesho "fuata kwa kiganja", anaingia uwanjani na maagizo manne kichwani na mpira mmoja mkononi. Mrudishe mita moja kutoka ringi, apige kwa mkono mmoja, hamsini kila siku, bila maneno.

ShabikiWaZamani (#29)
Mnaogopa dakika 7? Tarehe 22 Novemba 1950 Fort Wayne Pistons waliwafunga Minneapolis Lakers 19 kwa 18, mechi nzima. Waliushika mpira makusudi. Mechi za namna hiyo ndizo zilizoleta saa ya sekunde 24 kwa kila shambulizi mwaka 1954.

PostiYaChini (#30)
Kumbukumbu nzuri, mzee wetu, na kuna somo ndani. Ukikauka, usikimbize mechi. Kaba. Timu yenye pointi sifuri kwa dakika 7 bado inaweza kufungwa 6 tu badala ya 18 kama inarudi nyuma haraka. Tena kuiba mpira kunakupa leyapu, dawa ya ukame kuliko mchoro wowote.

KochaWaJioni (#31)
Nimerudi na taarifa. Tumecheza jana. Mapumziko niliongea dakika nne kwa saa ya mkononi, ubao niliuacha kwenye begi, wakatoka kupiga leyapu. Kabla ya mechi nilimwita namba 8 pembeni nikamwambia: leo hutoki kwa kukosa. Utatoka ukiacha kupiga ukiwa wazi.

Robo ya tatu tulikauka tena, dakika 3 na nusu hivi. Nilisubiri bila kuita taimauti, mikono nimeificha nyuma ili nisimguse mtu bega. Tukaingiza mpira katikati, senta wetu akafanyiwa faulo, akafunga mmoja kati ya miwili. Baada ya hapo kikafunguka kidogo. Namba 8 alipiga 6, akafunga 1. Tumepoteza kwa pointi 3.

Ringi305 (#32)
Ukame umepungua nusu na ungepungua hata usipofanya lolote. Mechi nne mbaya kupita kiasi hufuatwa na ya kawaida. Ila hongera kwa kuficha mikono.

MamaUlinzi (#33)
Ni leyapu za mapumziko hizo. Endelea mechi tatu zaidi uandike kila kitu, kisha urudi hapa tumalizane na Ringi305.

PostiYaChini (#34)
Katikati ya zoni. Mwenyewe amesema.

KonaYaKushoto (#35)
Kocha, hayo matano aliyokosa, baada ya kila moja alitazama wapi?

KochaWaJioni (#36)
Mawili ya kwanza alinitazama. La tatu sikumbuki. La nne na la tano alikuwa ameshageuka, anakimbia kurudi kukaba.